Presha: Mgonjwa na Daktari Wasifichane



Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa ambao kwa asili yake wenyewe ni wa kujificha. Ugonjwa huo ni shinikizo la damu, au presha kama wengi wetu tunavyouita. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma. Nasi tunauongezea maficho mengine. Mgonjwa anamficha daktari kwamba ameacha dawa. Daktari naye, kwa wingi wa watu waliomo kwenye foleni, hamwelezi mgonjwa kwa nini dawa zile hazina mwisho. Baada ya miaka kadhaa kinakuja kiharusi, na nyumba inabaki na mtu wa kulishwa na kugeuzwa kitandani.

Dawa za presha zipo na zinafanya kazi. Lakini dawa hizi zina tabia moja: hazimsaidii mtu asiyezungumza na anayemtibu. Ndiyo sababu leo hatutaanza na orodha ya vyakula vya kuacha. Tutaanza na kile chumba kidogo cha daktari, na maneno yanayosemwa humo, na yale yanayobaki moyoni mwa mgonjwa anapotoka nje.

PRESHA NI KITU GANI?

Moyo husukuma damu katika mishipa ili ifike sehemu zote za mwili. Nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu. Kila mtu mzima anayo, na bila hiyo hakuna uhai. Ugonjwa ni pale nguvu hiyo inapozidi kiasi na kubaki hivyo siku zote.

Wakulima wa Mgeta wanaoshusha maji shambani kwa mipira kutoka juu mlimani watatuelewa upesi. Maji yakishuka kwa nguvu inayozidi uwezo wa mpira, mpira huenda usipasuke siku hiyohiyo. Hutanuka, huchoka, na siku moja hupasuka pale ulipo dhaifu. Mishipa ya mwanadamu nayo iko hivyo. Ikipasuka au kuziba kichwani, mtu anapata kiharusi. Ikiharibika kwenye figo, figo zinashindwa kazi. Moyo wenyewe, kwa kusukuma mzigo mzito kila siku, unapanuka na kuchoka. Macho nayo yanaweza kupoteza nuru.

Ukipimwa utasomewa namba mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kipimo cha 120 kwa 80 ni kizuri. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena siku tofauti zaidi ya moja, daktari atasema una presha. Ziulize namba zako na uziandike. Mtu anayejua bei ya gunia la viazi sokoni hashindwi kukumbuka namba mbili za mwili wake.

YALIYOONEKANA HAPA KWETU MOROGORO

Wapo wanaosema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Ukweli ulionekana hapa kwetu zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza waliendesha mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Wilaya ya Hai, na Wilaya ya Morogoro Vijijini. Kila palipotokea msiba, wahojaji walifika nyumbani na kuwauliza ndugu kwa upole jinsi marehemu alivyougua. Kwa njia hiyo walihesabu hata wale waliofia nyumbani, ambao hospitali haikuwahi kuwaona.

Matokeo juu ya kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Kati ya kila wanaume 100,000 na kila wanawake 100,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kila mwaka wanaume 35 na wanawake 27 katika Morogoro Vijijini. Dar es Salaam kiliua wanaume 65 na wanawake 88. Uingereza na Wales, mwaka 1993, hesabu kwa watu wa umri huo ilikuwa wanaume kama 11 na wanawake kama 9 tu. Maana yake, mkulima wa Morogoro alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi akiwa bado na nguvu za kushika jembe mara tatu hivi kuliko Mwingereza. Wachunguzi walidhani kuwa sababu ni presha isiyotibiwa.

Mwaka huohuo wa 2000 ulichapishwa uchunguzi mwingine, wa Ilala katika Dar es Salaam na wa kijiji cha Shari katika Wilaya ya Hai. Kati ya watu waliokutwa na presha, waliojijua hawakufika 20 katika kila 100. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama 10. Wale ambao presha yao ilikuwa imeshuka hadi kipimo kizuri hawakufikia hata mtu 1 katika 100.

Tuzitazame vizuri hesabu hizo. Kutoka 20 kwenda 10 wamepotea watu waliokwisha kuambiwa ugonjwa wao. Kutoka 10 kwenda chini ya 1 wamepotea watu waliokuwa wakitumia dawa. Hao wote walikwisha kukaa mbele ya mganga na kupimwa. Kitu fulani kilikatika kati ya chumba cha daktari na nyumbani. Miaka imepita na huduma zimeongezeka, lakini ugonjwa wenyewe haukupungua: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha iliyopanda. Kwa hiyo swali hili bado linatuhusu: mgonjwa anapotelea wapi?

NENO "DOZI" LINATUDANGANYA

Sehemu moja anapopotelea ni katika neno tulilolizoea sana, yaani dozi. Malaria ndiyo iliyotufundisha neno hilo. Ukiugua malaria unapewa vidonge vya siku 3, unamaliza dozi, umepona. Minyoo ni siku moja. Hata kifua kikuu, pamoja na ukali wake, kwa kawaida kina miezi 6 na mwisho wake.

Sasa mtu huyohuyo anapewa vidonge vya presha vya siku 30. Anavimeza vyote kwa uaminifu. Mwezi ukiisha anasema, "Nimemaliza dozi, nashukuru Mungu." Harudi tena. Huyu si mkaidi, bali amefuata alivyofundishwa na magonjwa mengine. Hakuna aliyemwambia kwamba presha haina dozi ya kumaliza.

Dawa ya presha ni kama palizi. Ukipalilia leo, shamba ni safi. Lakini magugu hayakufa kabisa, na ukiacha jembe mwezi mmoja yanarudi. Vivyo hivyo dawa hushusha presha kwa muda ule tu inapotumika. Ukipimwa ukakutwa na namba nzuri wakati unatumia dawa, maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi, wala si kwamba ugonjwa umekwisha. Wapo ambao, kwa kupunguza uzito na kubadili maisha, daktari huwapunguzia dawa. Lakini uamuzi huo hufanywa na wawili, baada ya kupima.

Neno jingine linalopoteza watu ni "presha ya kupanda na presha ya kushuka". Mgonjwa anayetumia dawa akisikia kizunguzungu husema presha yake sasa imegeuka na kuwa ya kushuka, basi anaacha vidonge bila kupimwa. Pengine kweli dawa imezidi kiasi. Pengine hakunywa maji ya kutosha siku ya jua kali, au ana ugonjwa mwingine. Hakuna awezaye kujua bila kipimo. Kizunguzungu ni habari ya kumpelekea daktari, wala si amri ya kuacha dawa.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu si habari ya mtu fulani, lakini wengi wataona sura zao ndani yake. Bibi mmoja ameshuka kutoka Nyandira tangu alfajiri. Ameingia chumbani saa 5 asubuhi. Tabibu ni kijana, na nje wamebaki watu 40.

"Unatumia dawa?"

"Natumia."

Tabibu anapima, anaona 180 kwa 110. Anafikiri kwamba dawa imeshindwa. Anaongeza ya pili. Bibi anapokea karatasi, anashukuru, anaondoka. Dakika 3 zimetosha.

Bibi hakudanganya kwa ubaya. Anatumia dawa kweli, lakini anameza siku anayosikia kichwa kizito, maana fedha haitoshi kununua za kila siku. Sasa ameandikiwa dawa mbili badala ya moja. Akizinunua na kuzimeza zote kila siku kwa woga, presha inaweza kushuka mno akaanguka. Akishindwa kuzinunua, ataacha zote. Safari yote ile, nauli na miguu, imeharibika kwa sababu ya swali moja fupi na jibu moja fupi.

Tutazame mazungumzo yaleyale yakienda namna nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na safari. Kaa upumzike kidogo kabla sijakupima. Bibi, watu wengi vidonge hivi vinawashinda kumeza kila siku. Wewe wiki iliyopita ulimeza siku ngapi?"

"Mwanangu, nisikufiche. Siku mbili. Namezea pale kichwa kinaponisumbua."

"Asante kwa kuniambia kweli. Ni kwa nini hasa? Vinakusumbua, au ni fedha?"

"Fedha."

Hapo tabibu hana haja ya kuongeza dawa. Atatafuta ya bei nafuu inayomezwa mara moja kwa siku, na atamweleza bibi kwamba kichwa si kipimo cha presha. Muda ulioongezeka ni dakika chache tu, lakini mgonjwa ameondoka na matibabu anayoyaweza.

MAMBO TUNAYOYAFICHA

Wahenga walisema pia, mficha uchi hazai. Yako mambo ambayo wagonjwa wengi hawayasemi, ama kwa aibu ama kwa kudhani hayahusiki. Tunayataja hapa ili kila mmoja ajipime.

(a) Kuacha dawa. Daktari asipojua kwamba umeacha, ataongeza dawa juu ya dawa. Kusema "nimeruka siku kumi" ni kumsaidia afanye kazi yake.

(b) Dawa za miti shamba. Wengi wetu tunatumia mlonge, kitunguu saumu na mizizi mbalimbali. Mseme daktari wako aijue. Miti mingine inaweza kugongana na dawa za hospitali, na mingine ikakufanya uache vidonge ukidhani umepona. Leta hata jani lenyewe.

(c) Dawa za maumivu. Mama anayebeba mzigo wa kabichi au ndizi kichwani kila wiki hakosi maumivu ya mgongo na magoti. Hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kumeza mara kwa mara. Dawa hizi zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mgonjwa haoni uhusiano wa goti na presha, kwa hiyo hasemi. Ni lazima useme, kwani yapo maumivu yanayoweza kutulizwa kwa parasetamoli.

(d) Chumvi iliyojificha. Mtu anamwambia daktari kwa moyo safi, "Chumvi nimeacha." Lakini maharage na majani ya kunde yamepikwa kwa magadi, mboga imeungwa kwa vipande vya supu vya dukani, na kitoweo ni samaki wa chumvi. Vyote hivyo vina madini ya sodiamu yaleyale yanayopandisha presha. Kiasi cha chumvi kwa mtu mzima kwa siku nzima kisizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Mweleze daktari unavyopika, wala usiishie kusema "nimeacha chumvi".

(e) Pombe na sigara. Pombe ya kienyeji nayo ni pombe. Ukiulizwa, taja kiasi kwa kipimo unachokijua: kikombe, kopo au chupa ngapi kwa wiki.

(f) Mambo ya ndani ya nyumba. Wanaume wengine huacha dawa kwa sababu nguvu za kiume zimepungua, na hawasemi mpaka kiharusi kinawaangusha. Ndugu, presha yenyewe huharibu mishipa na inaweza kuleta shida hiyo hata kabla ya dawa. Kama dawa ndiyo sababu, zipo nyingine za kubadilishiwa. Usikimbilie unga au vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kichochoroni, kwani kwa mtu mwenye presha au moyo dhaifu vinaweza kuua.

(g) Ujauzito. Mama mwenye presha aseme mapema kwamba ni mjamzito, au kwamba anatarajia kupata mtoto. Dawa kama kaptoprili na losatani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine za kutumia badala yake. Asiache dawa kimya kimya, kwa sababu presha kubwa katika ujauzito inaweza kuleta kifafa cha mimba.

(h) Madhara ya dawa. Kaptoprili na enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichokwisha. Amlodipini huwavimbisha wengine miguu. Haidroklorothiazaidi humfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi, jambo ambalo ni tabu kwa msafiri aliye ndani ya basi. Kwa kila tatizo hapo kuna njia: kubadili dawa, kupunguza, au kubadili saa ya kumeza. Lakini njia hiyo haifunguki mpaka useme.

KUPIMWA KWENYEWE KUNA MASHARTI

Hata kipimo kinahitaji mazungumzo. Mtu aliyepanda mlima kwenda zahanati, akapimwa akiwa bado anahema, atasomewa namba kubwa kuliko yake halisi. Kwa hiyo kaa utulie dakika 5. Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Keti umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee wakati wa kupimwa.

Wenzetu wa Mgeta na Bunduki, kwa sababu ya baridi, huvaa sweta nene. Mpira wa kipimo ufungwe juu ya mkono mtupu, wala si juu ya sweta. Kama muuguzi amesahau, si utovu wa adabu kumwambia, "Samahani dada, nivue sweta kwanza?" Na kama umefika mbio, sema, "Nimetoka mlimani sasa hivi, naomba nipumzike kwanza."

MGONJWA AFANYE NINI?

Kabla ya kutoka nyumbani:

1. Weka daftari moja la presha. Andika tarehe, namba mbili, na dawa uliyopewa. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule ataandika. Ukihama kutoka zahanati ya kijiji kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, daftari hilo litakusemea.

2. Tia ndani ya mfuko mmoja dawa zote unazotumia, za hospitali, za dukani na za miti shamba, na uende nazo. Kusema "natumia kile kidonge cheupe" hakumsaidii daktari, maana vidonge vyeupe ni vingi.

3. Fikiria mambo mawili makubwa unayotaka kuuliza, na uyaseme mwanzoni. Usingoje kuyasema ukiwa umeshika kitasa cha mlango.

Ndani ya chumba cha daktari, usitoke bila majibu ya maswali haya:

1. Presha yangu leo ni ngapi, na tunataka ifike ngapi?

2. Dawa hii inaitwaje, naimeza saa ngapi, na nikisahau nifanye nini? (Kwa kawaida, ukikumbuka siku hiyohiyo unameza. Ukikumbuka kesho yake unaendelea na kidonge cha kesho, wala hulipizi kwa kumeza viwili.)

3. Nirudi lini, na jambo gani likitokea nije kabla ya tarehe?

Halafu sema habari ya fedha waziwazi: "Daktari, kwa mwezi naweza kiasi hiki." Usione haya. Heri dawa moja ya bei nafuu inayomezwa kila siku kuliko tatu za gharama zinazomezwa wiki moja. Zahanati ikikosa dawa, usikae ukingoja ije. Uliza jina lake liandikwe ili uitafute katika duka la dawa, na uliza ipi nyingine itafaa kama hiyo haipo. Nyumbani, ukibakiwa na vidonge vya siku 7, anza kupanga safari, hasa wakati wa masika ambapo barabara za milimani hukatika.

NENO KWA WANAOTUHUDUMIA

Tunajua kazi yenu ni nzito. Watu ni wengi, watumishi ni wachache, na mengine hayamo katika uwezo wenu. Hata hivyo, yako mambo yasiyohitaji bajeti.

Salamu ni la kwanza. Mzee aliyeamkiwa vizuri husema kweli. La pili ni namna ya kuuliza. Swali "Unatumia dawa?" lina jibu moja tu, la kuogopa kugombezwa. Uliza, "Wiki hii umeruka siku ngapi?" La tatu ni kutokaripia. Mgonjwa aliyekaripiwa kwa kuacha dawa hajifunzi kumeza, bali anajifunza kuficha.

La nne ni kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe. "Bibi, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, hizi utazimezaje?" Utashangaa jinsi "moja mara mbili" ilivyogeuka kuwa "viwili mara moja". Afadhali ligunduliwe kosa hilo mbele yako kuliko kule Kikeo ambako hakuna wa kumwuliza.

La tano ni lugha. Maneno kama "haipatensheni" yabaki kwenye faili. Wazee wengine wa milimani husema Kiluguru kwa uhuru kuliko Kiswahili. Mtafutieni mkalimani mtu mzima, wala si mjukuu mdogo. Bibi hawezi kumtajia mjukuu mambo ya mwili wake.

FAMILIA NA JUMUIYA

Presha haitibiwi na mtu mmoja. Kwetu Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito. Mara nyingi yeye na wakubwa wa ukoo ndio wanaosema mgonjwa apelekwe wapi na fedha itoke wapi. Kwa hiyo mmoja wao afuatane na mgonjwa kwa daktari japo mara moja, asikie kwa masikio yake kwamba dawa hizi ni za siku zote. Asiposikia, mwezi wa tatu atauliza, "Dawa gani hizi zisizoponya?" na mgonjwa ataacha kwa heshima.

Mama mpishi naye asikie, maana chumvi na magadi viko mikononi mwake. Nyumba nzima ikipunguza chumvi, hakuna atakayedhurika, na mgonjwa hatapikiwa sufuria yake peke yake kama aliyetengwa.

Katika jumuiya ndogondogo tumezoea kuwatembelea wagonjwa waliolala. Tuwakumbuke na hawa wanaotembea. Swali la upole baada ya sala, "Mama, vidonge bado vipo?", linaweza kuokoa nyumba.

Wapo pia wanaoacha dawa baada ya kuombewa, wakiona kuendelea kumeza ni upungufu wa imani. Sala na dawa havigombani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinaweka pamoja sala ya mgonjwa na kazi ya tabibu. Aliyeombewa aende akapimwe, na kama kuna badiliko daktari ataliona kwenye kipimo. Wanaofunga wakati wa Kwaresima nao wamwulize daktari jinsi ya kupanga saa za dawa. Dawa si chakula cha kujinyima.

DALILI ZA KUKIMBIZA HOSPITALI

Hapa hakuna mazungumzo marefu. Mtu akipinda mdomo ghafula, akipoteza nguvu za mkono au mguu wa upande mmoja, akisema maneno yasiyoeleweka, akipata maumivu makali ya kifua, au maumivu makali ya ghafula ya kichwa pamoja na kutoona vizuri, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Usimpe chakula, kinywaji wala vidonge vya presha vya jirani, maana anaweza kupaliwa, au presha ikashuka kwa ghafula na kumwumiza zaidi. Kumbuka saa dalili zilipoanza, kwani daktari ataiuliza. Huyu hakulogwa. Kila saa inayopotea kwa kutafuta mchawi, sehemu ya ubongo inakufa.

KUMBUKA

Presha haiumi, kwa hiyo usingoje maumivu. Kila mtu mzima apimwe, hata kama anajisikia mzima. Dawa haina dozi ya kumaliza. Daktari si hakimu wa kuogopwa, naye hawezi kutibu asichoambiwa. Na kuuliza si ujinga.

Basi, msomaji wetu, kabla hujaweka gazeti hili pembeni, tafuta daftari na kalamu. Andika jina lako juu, na chini yake namba za kipimo chako cha mwisho. Kama huzijui, hilo ndilo swali lako la kwanza utakapokwenda zahanati.